Bodi iliyoota kijani

Mwenye kiwanda alitaka kitu kimoja tu: akiwa nyumbani kwake, aone joto la stoo kwenye simu. Kiwanda ni cha barafu, hapa Tanga, karibu kabisa na bahari, wateja wake ni wavuvi na wachuuzi wa samaki. Nikamwambia hiyo kazi ndogo. Nikanunua ile bodi ya bei nafuu wanayofundishia wanafunzi, kompyuta nzima kwenye kipande kimoja cha saketi, nikaibana ndani ya paneli, lile sanduku la umeme, kando ya kontakta, yaani swichi kubwa za kompresa, nikalipwa, nikaondoka.

Wiki ya tatu simu ikaita saa tano usiku.

"Dada fundi, kidude chako kimelala."

Umeme ulikuwa umekatika, ukarudi, ukakatika tena. Kadi ya memori ilikuwa katikati ya kuandika, mafaili yakavurugika, bodi ikagoma kuwaka. Nikabadili kadi. Mwezi haukuisha, yaleyale. Mara ya tatu kadi ilikuwa nzima, bodi yenyewe ndiyo imekufa. Nilipoichomoa nikakuta pini za soketi zimeota kijani. Chumvi ya bahari, unyevu, na juu yake kiwanda kinapoza kwa amonia, na amonia ikikutana na unyevu huila shaba. Harufu yake nilikuwa naisikia kila nikiingia mle, sikuwahi kujiuliza bodi yangu inaishije humo.

Tangu siku hiyo, nikichagua bodi, kasi ya prosesa naitazama mwisho. Kusoma sensa nane kila dakika ni kazi ambayo hata prosesa ya zamani inaifanya huku inasinzia. Naanzia umeme unapoingilia. Kwenye paneli kuna volti 24 za DC, na kompresa ikianza kuzunguka umeme wote unayumba. Bodi inayokula volti 5 tu utaiwekea kibadilishaji, na kibadilishaji cha bei chee ndicho kitakachokuamsha usiku. Inayopokea volti 9 mpaka 36 haishtuki.

Halafu mahali pa kuhifadhi data. Nataka eMMC, yaani chipu ya memori iliyochomelewa kwenye bodi, isiyolegea kwa mtikisiko. Bodi iitwayo BeagleBone Black inayo, ya GB 4 kwenye matoleo ya kuanzia 2014, ingawa umeme wake bado ni volti 5. Ila eMMC nayo si hirizi. Umeme ukikatika wakati inaandika, nayo huvurugika, kwa hiyo mfumo mzima naufunga usomeke tu, na data inaandikwa kwenye kisehemu chake peke yake.

Kwenye joto, bodi za kawaida huandikiwa nyuzi 0 hadi 70, za viwandani -40 hadi 85. Hiyo -40 Tanga haina kazi, hata ndani ya stoo ya barafu. Ninayoilipia ni 85. Niliwahi kuacha kipimajoto ndani ya paneli ile mchana wa Februari, kikasoma 58, na hapo chipu ina joto lake lenyewe juu yake. Msiniambie niweke feni: feni itavuta chumvi na amonia ile ile mpaka ndani.

Waya za sensa, natumia RS-485, mtindo wa viwandani wa kupitisha data kwenye waya, yenye kinga ya umeme kati yake na bodi, na rezista ya ohm 120 kila mwisho wa laini. Hapo sina maneno mengi.

Vanishi ya kupulizia juu ya bodi, ya kuikinga na unyevu, nayo isisahaulike. Nilipopuliza mara ya kwanza nilisahau kuziba soketi kwa utepe, vanishi ikaingia kwenye pini, nikakaa jioni nzima nazikwangua kwa sindano huku watoto wananiuliza nashona nini.

Nilipompelekea mwenye kiwanda bei mpya, akaivua miwani.

"Mama, hii ni mara nne ya ile ya kwanza."

Sikumjibu. Nikatoa ile bodi ya zamani mfukoni, nikaiweka mezani juu ya karatasi ya bei. Akaichukua, akakwangua ule ukijani kwa ukucha, akanusa kidole, akaita karani wake alete kitabu cha hundi.