Nilivyoisaka oili iliyokuwa ikivuja kwenye gari langu la zamani

Fundi alijilaza chini ya gari, akatoka na kidole kilicholowa, akatoa hukumu: "Hii ni sili ya nyuma ya kranki. Giaboksi lazima ishuke." Kranki ni mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, na sili ni mpira unaozuia oili isitoke pale mhimili huo unapotokeza. Alichokiona kilikuwa kweli. Pale injini inapoungana na giaboksi palilowa, na tone lilining'inia kwenye kitundu cha chini cha nyumba ya klachi. Lakini kufika kwenye sili hiyo maana yake ni kufungua shafti, kushusha giaboksi, kutoa klachi na flaiwili (gurudumu zito lililofungwa nyuma ya kranki), vyote hivyo kwa ajili ya duara la mpira. Nikamwomba tusubiri kidogo. Kilichonisumbua ni kwamba hakuna aliyekuwa amefungua boneti hata mara moja.

Oili haikai pale inapotokea. Inateremka, na gari likiwa barabarani upepo unaisukuma nyuma. Kwa hiyo sehemu iliyolowa chini na nyuma ndiyo ya mwisho kwenye safari yake. Ya kutafutwa ni sehemu ya juu kabisa na ya mbele kabisa yenye unyevu, na hiyo huwezi kuijua kwenye injini iliyojaa uchafu wa miaka.

Kabla ya yote nilitaka kuhakikisha ni oili ipi. Nilitandika kadibodi safi chini ya injini usiku kucha, nikaichora mahali magurudumu yaliposimama ili nijue kila tone limeangukia usawa wa kitu gani. Asubuhi madoa yalikuwa ya kahawia iliyokolea. Maji ya rejeta yangekuwa na rangi yake, ya kijani au ya waridi, na yangeteleza vidoleni bila kuacha weusi. Oili ya giaboksi za mkono ina harufu kali ya kiberiti ambayo ukishaijua hutaisahau, na doa langu halikuwa nayo. Ilikuwa oili ya injini. Kwenye kijiti cha kupimia, kiwango kilikuwa kinashuka taratibu lakini bila kukoma. Kwenye injini nyingi, kutoka alama ya juu hadi ya chini ni kama lita moja, kwa hiyo ukiangalia mara kwa mara, gari likiwa sehemu tambarare na injini imezimwa kwa dakika kadhaa, utajua unapoteza kiasi gani. Moshi wa bluu haukuwepo kwenye bomba, basi haikuwa inaungua ndani. Kulikuwa na harufu ya oili iliyoungua kila niliposimama baada ya safari, na hiyo niliichukua kwa uzito, kwa sababu oili inayofika kwenye manifodi ya moshi (mabomba yanayopokea moshi kutoka kwenye injini) yenye joto kali inaweza kushika moto.

Kazi iliyokula nguvu ni kuosha. Injini ikiwa baridi, nilifunga altaneta, disitribyuta (kigawa umeme wa plagi) na mdomo wa hewa kwa mifuko ya plastiki, nikapulizia dawa ya kukata grisi kutoka juu kwenda chini, nikaiacha iloweke. Tope la oili na vumbi lilikuwa limeganda tabaka juu ya tabaka. Sehemu nyingine nililikwangua kwa kijiti cha mbao, na kwenye pembe nikatumia mswaki mkuukuu. Maji ya presha sikuyataka kabisa, maana yanaingia kwenye nyaya na soketi, ukaanza kutafuta ugonjwa mwingine. Nilisuuza kwa maji kidogo, nikakausha kwa kitambaa, nikawasha injini hadi ipate moto ili unyevu uliobaki uondoke.

Hapo nikatumia poda ya kawaida ya mwilini. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, niliipaka kwa brashi laini pande zote zinazojulikana kwa kuvuja: kuzunguka kifuniko cha valvu, chini ya disitribyuta, kwenye swichi ya presha ya oili, kwenye filta, kwenye maungio ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), na nyuma ya silinda hedi (sehemu ya juu ya injini) kule mkono unakofika kwa shida. Mikanda niliiepuka. Poda ikishakaa, uso wote unakuwa mweupe, na oili ikitoka hata kidogo inaandika mstari.

Niliiacha injini ingurume bila mzigo kwanza. Swichi ya presha inabanwa na presha yote ya oili, kwa hiyo ikipasuka inatoa mara injini inapowaka na kutulia ikizimwa. Ilibaki nyeupe. Filta nyeupe. Mbele, nyuma ya puli ya kranki, pakavu. Nikaendesha mwendo wa kutosha kuipa injini joto lake kamili, kupanda na kushuka, nikarudi, nikazima, nikachukua tochi na kioo kidogo chenye mpini.

Kwenye kioo ndipo nilipoiona. Injini yangu ina kamshafti mbili (mihimili inayofungua valvu), na nyuma ya hedi, upande wa ukuta unaotenganisha injini na abiria, kuna mikato miwili yenye umbo la nusu mwezi inayozibwa kwa vipande vya mpira. Kwenye pembe ya mmojawapo, chini tu ya kifuniko cha valvu, poda ilikuwa imegeuka kahawia. Kutoka hapo mstari mwembamba kama uzi ulishuka mgongoni mwa hedi, ukafika kwenye ukingo wa bloku, yaani mwili wa injini, ukagawanyika. Tawi moja lilikimbilia upande wa manifodi ya moshi. Hiyo ndiyo harufu. La pili lilishukia mgongoni mwa giaboksi, likazunguka ubavu wake, likaishia palepale fundi alipotia kidole. Njia nzima ilisomeka kuanzia juu hadi chini, na pembeni mwake poda ilikuwa nyeupe haijaguswa. Nilikaa pale nikiifuata kwa tochi kwa muda mrefu, nimefurahi sana.

Kama poda isingenionyesha kitu, hatua iliyofuata ingekuwa rangi maalumu inayochanganywa kwenye oili na kung'aa ukiimulika kwa taa ya miali ya urujuani. Inafaa hasa kwa uvujaji wa polepole mno. Dawa za chupa za kuziba uvujaji sikuzifikiria. Nyingi zinalainisha na kuvimbisha mpira, na mpira ulioiva kwa joto hadi kupasuka haurudi kuwa mzima kwa kulowekwa.

Na kweli ulikuwa umeiva. Nilipofungua kifuniko, gasketi, yaani mpira unaoziba kati ya kifuniko na hedi, ilikatika vipande mkononi, ngumu kama plastiki. Zile nusu mwezi zilikuwa zimesinyaa na kuacha upenyo unaoonekana kwa macho. Nilikuta pia oili ndani ya mashimo mawili ya plagi, ikanieleza kwa nini injini ilikuwa inamisi wakati mwingine, basi sili za mashimo hayo nazo zikaingia kwenye orodha ya vipuri.

Hata hivyo gasketi kuzeeka ni nusu tu ya maelezo. Kila injini inapitisha gesi kidogo kupita ringi za pistoni kwenda chini kwenye sampu. Gesi hiyo inatakiwa ivutwe na kurudishwa kwenye njia ya hewa ili iungue, kupitia valvu ndogo ya kupumulia iliyochomekwa juu ya kifuniko. Valvu hiyo ikiziba, gesi inajaa ndani na kuisukuma oili kwenye sili yoyote iliyo dhaifu. Kabla sijafungua chochote nilikuwa nimepima: injini ikinguruma, nilitoa mfuniko wa kujazia oili nikaweka kipande cha karatasi juu ya tundu. Kwenye injini inayopumua vizuri karatasi inavutwa na kushikwa. Yangu ilikuwa inarukaruka ikisukumwa kwenda juu. Nilipoichomoa ile valvu na kuitikisa haikutoa sauti, wakati nzima inagonga ndani kwa sauti kavu. Ilikuwa imejaa lami. Wapo wanaoiosha kwa dawa ya kabureta na kuirudisha. Mimi nilinunua mpya pamoja na mpira wake wa kuchomekea na hosi. Ninaamini kwa dhati kwamba ukibadilisha gasketi ukaiacha valvu iliyoziba, utairudia kazi ileile.

Kufunga kunataka subira zaidi kuliko nguvu. Nilikwangua mabaki ya gasketi kwa kipande cha plastiki, kwa kuwa hedi ni ya aluminiamu na chuma kinaichana, huku nimeziba kwa vitambaa safi mashimo ambayo oili hurudia chini. Nyuso zote mbili nikazifuta hadi zikakauka kabisa. Silikoni ya gasketi niliweka kidogo sana, kwenye pembe za nusu mwezi na pale kofia ya kwanza ya kamshafti inapokutana na hedi, kama kitabu cha gari kilivyoelekeza. Wanaoizungushia gasketi nzima wanasahau kwamba ile inayominywa kwenda ndani inadondoka, na inaweza kufika kwenye chujio la pampu ya oili. Bolti nilizibana kuanzia katikati kwenda pembeni, kidogokidogo kwa mizunguko, kwa spana ya kupimia nguvu. Kiwango chake ni kidogo kuliko watu wanavyodhani, kwenye injini nyingi za aina hii hakizidi nyutoni-mita 10 (10 Nm). Ukikaza kwa hasira unaifinya gasketi na kukipinda kifuniko, na hapo uvujaji unaanza upya. Gari nikaliacha lilale hadi silikoni ikakomaa.

Kisha nikaosha tena na kupaka poda tena. Nyuma ya hedi palibaki peupe, mgongo wa giaboksi mweupe, na kile kitundu cha nyumba ya klachi kikawa kikavu. Hilo ndilo lililomaliza shaka ya sili ya kranki, kwa sababu kama ingekuwa inavuja, kitundu kingeendelea kulowa hata juu kukiwa kukavu. Kulikuwa na unyevu kidogo kwenye bolti ya kumwagia oili. Washa yake ilikuwa imechoka, nikaiweka mpya nilipobadilisha oili.

Fundi alikuja akaangalia kwa kioo mwenyewe, akaomba nimwonyeshe ile karatasi inavyovutwa. Sasa inashikwa vizuri. Kijiti cha oili kinakaa karibu na alama ya juu, na harufu imeisha. Mbele, nyuma ya puli ya kranki, nimeanza kuona kaunyevu kasikotiririka. Hiyo ni sili ya mbele, nami nimeipanga pamoja na mkanda wa taimingi utakapofika wakati wake, kwa kuwa kuifikia ni lazima kufungua vitu vilevile.