Nilidhani mpunga wangu una njaa ya urea

Shamba langu liko Bonde la Kilombero, ekari moja na nusu, na mbegu yangu ni Saro 5. Msimu ule, wiki ya nne baada ya kupandikiza, jaruba lililo karibu na mfereji likaanza kuwa njano. Mpunga ulidumaa, machipukizi machache. Sikuuliza mtu. Nikanunua mfuko wa urea, nikaumwaga wote siku moja, jaruba hadi jaruba.

Ule wa njano haukushtuka. Uliokuwa mzima ndio ulionawiri, ukajaa majani laini hadi wapita njia wakanisifu. Siku chache baadaye sifa zikaisha: majani yalitoka madoa yenye umbo la jicho, katikati kijivu, pembeni kahawia. Mashuke yalipochomoza shingo zikaoza, yakasimama meupe bila punje. Nikapiga dawa ya ukungu mara mbili. Madoa yalipungua kidogo, ila njano ilibaki vilevile. Shamba lililokuwa likinipa magunia 30 likanipa 11.

Kabla ya msimu uliofuata nilimfuata bibi shamba wa kata yetu, binti wa umri wa mwanangu. Alinisikiliza, akacheka kwa adabu. "Baba, ulikuwa na wagonjwa wawili, ukawapa dawa ya mmoja."

Wa kwanza ni kimyanga. Ni ugonjwa wa virusi, uligunduliwa karibu na Kisumu mwaka 1966, na hakuna dawa ya kupuliza inayouponya. Wa pili ni blasti, ukungu. Akanifundisha kutofautisha: mpunga wenye upungufu wa naitrojeni, chakula kinacholetwa na urea, huanza kupauka majani ya chini, jani zima kwa usawa; wa kimyanga huonyesha michirizi na mabaka ya njano kwenye majani machanga. Urea haimsaidii mgonjwa wa virusi, lakini ikizidi hulainisha majani ya mpunga wote, ukungu ukapata pa kuingilia. Kumbe kosa langu la kusoma rangi ndilo lililoniletea ugonjwa wa pili. Akaongeza kwamba mmea uliodhoofika hushambuliwa pia na madoa ya kahawia, nao ni ukungu mwingine.

Lililoniuma zaidi ni mundu. Sisi hukata ncha za miche kabla ya kupandikiza, na utomvu unaobaki kwenye makali hubeba virusi kutoka mche hadi mche. Mbawakawa nao hubeba, lakini mbawakawa sikuwalipa; vibarua wa kukata ncha niliwalipa! Niliacha kukata. Kitalu nikakihamishia mbali na masalia ya mpunga wa zamani, machipukizi yote ya msimu uliopita nikayalima chini mapema. Mche wenye michirizi nang'oa mara moja, naufukia, nanawa mikono kwa sabuni ndipo niguse mwingine. Urea sasa naigawa mara mbili, kidogo kidogo, na siitii kabla sijachuchumaa kutazama majani ya chini.

Msimu uliopita niling'oa mashina 13 tu ya kimyanga, nikavuna magunia 26. Blasti ilinipata kona moja ya juu, ambako maji hayakai na mpunga hukaukiwa. Pale panahitaji kusawazishwa, na hela ya trekta bado naitafuta.