Randa ya baba na ribiti za Missouri

Nataka kujenga ndege yangu mwenyewe nyumbani, na wiki tatu sasa futi kamba haijatoka mfukoni. Gereji yetu hapa Columbus, Ohio, ni mita sita kwa sita, nimeshaikariri, na kila nikiipima mke wangu ananiuliza lile lile: "Baba Neema, hicho kidude kitatokea mlango gani?"

Moyo ulianzia kwenye mbao. Pietenpol Air Camper, ndege ya mbao, ilibuniwa Minnesota mwishoni mwa miaka ya 1920, ikaruka kwa injini ya gari, Ford Model A, na hadi leo watu wananunua michoro yake na kuichonga nyumbani. Mimi mtoto wa seremala. Randa ya marehemu baba ninayo, ilikuja kwenye begi kutoka Tanga, na nilishajiona nikipiga randa boriti za mabawa.

Januari nikajaribu kuunga ubavu mmoja wa bawa, wa mazoezi tu. Nikapaka epoksi, nikabana, nikaenda kulala. Asubuhi gundi bado inanata kidoleni kama asali. Nje ilikuwa nyuzi kumi chini ya sifuri, na kile kihita cha gereji hakikufua dafu. Ningehamia jikoni, lakini jiko lina mwenyewe.

Nikageukia alumini. RV-7 ya Van's, kampuni ya Oregon, inakwenda zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Ndege nzuri, sibishi. Ila ribiti zake, vile vipini vya kuunganisha mabati, nyingi ni za kugonga: mmoja anagonga kwa bunduki ya upepo upande huu, mwingine kashikilia kipande cha chuma upande wa pili. Mwenzangu ni muuguzi wa zamu ya usiku. Nani atanishikia chuma saa mbili usiku, na majirani je? Isitoshe, mwendo wote ule sina pa kwenda nao.

Ikabaki Zenith CH 750, nayo ya alumini. Haina sura, tuseme ukweli: magurudumu makubwa, mabawa manene, mwendo kama kilomita 160 tu. Lakini inapaa kwenye kipande kifupi cha majani, na ribiti zake ni za kuvuta, mtu mmoja anazimaliza peke yake. Kiwiliwili kina urefu wa karibu mita 6.7. Kikilazwa kimshazari, gereji inakimeza.

Kabla ya kutoa hela nilikwenda kiwandani kwao kwa mafunzo ya siku mbili, mji unaoitwa Mexico, jimbo la Missouri. (Mama aliposikia Mexico kwenye simu aliuliza kama nimepata viza.) Unajenga usukani wa mkia, unaondoka nao. Unatoboa, unasafisha ukali wa tundu, unabana kwa vishikizo vya springi, unavuta ribiti. Shina linakatika, tk, linadondoka sakafuni. Tundu langu la kwanza lilikwenda upande; la arobaini nilikuwa napiga mluzi. Sheria ya Marekani inataka zaidi ya nusu ya kazi ifanywe na wajenzi wa ridhaa wenyewe, na jioni ile niliona hiyo si adhabu.

Usukani sasa umesimama nyuma ya sofa. Neema ameshaubandikia kibandiko cha twiga. Jumamosi nimeagiza mkia uliobaki, na jana usiku, kwa randa ya baba, nimemaliza kuchonga miguu ya meza ya kazi.