Karata Alizoziacha Mjomba

Nimerudi kutoka zamu saa moja asubuhi na usingizi umegoma. Naandika kwa sababu ya mzee mmoja.

Nafanya kazi usiku kwenye kituo cha mafuta hapa Las Vegas. Ukiingia dukani, ukishapita friji za soda, kuna mashine saba za video poka, kamari ya karata za kwenye kioo, zimeegemea ukuta. Sheria ya jimbo hili la Nevada inaruhusu duka la kawaida kuwa na mashine za kamari, kwa hiyo mtu akija kununua maziwa anaweza kuacha mshahara wake hapo hapo. Mjomba huja karibu kila usiku akimaliza kuendesha teksi. Ni mtu wa Mombasa, mimi wa Tanga, na damu hatuhusiani. Lakini mtu akikuitikia "marahaba mwanangu" saa nane za usiku, katikati ya jangwa, huyo ni mjomba wako.

Yeye ana mashine yake, ya pili kutoka mwisho. Huwa ananiambia, "Hii imekula tangu Jumatatu. Imeshiba. Lazima itapike." Juzi aliinuka kwenda kujaza kahawa. Alipogeuka, mama mmoja alikuwa ameshakaa pale, na kabla kahawa haijapoa mashine ikaanza kulia na kumetameta: kumi, ghulamu, bibi, mfalme na ree, zote kopa. Wachezaji wa huku huiita roya. Ukiweka dau la senti 25 mara tano, inalipa dola 1,000. Mjomba alisimama na kikombe mkononi, akasema kwa sauti ndogo sana, "Zile zilikuwa karata zangu." Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyechelewa mazishi.

Nilimwambia hapana Mjomba, hazikuwa zako, na sikuweza kumweleza zaidi kwa sababu wateja walikuwa wamepanga foleni. Nasoma kompyuta mchana, na haya mambo nimeyafuatilia kwa ajili yake. Basi nilichotaka kumwambia ni hiki.

Ndani ya ile mashine hakuna karata zilizopangwa zikisubiri zamu yao. Kuna programu inayozalisha namba nasibu, na haipumziki. Hata duka likiwa tupu, taa za nje zikiwaka bure, namba zinapita, mamia kwa maelfu kila sekunde. Unapobonyeza kitufe, mashine inachukua namba za wakati ule ule na kuzigeuza kuwa karata tano kati ya 52. Kidole kikichelewa hata chini ya kupepesa jicho, karata ni nyingine. Yule mama alibonyeza kwa wakati wake. Mjomba angebaki pale, angebonyeza kwa wakati mwingine, na kopa zile zisingetokea. Zilikuwepo kwa kidole kile tu.

Karata ikishatoka haiwezi kujirudia katika mkono huo, yaani mchezo huo mmoja, sawa na karata za kushika. Unashika unazozitaka, unatupa nyingine, na mbadala zinatoka katika 47 zilizobaki. Mashine za zamani zilichagua kumi kwa mpigo, tano za mbele na tano zimejificha nyuma yake. Nyingi za siku hizi zinachagua mbadala pale unapobonyeza mara ya pili. Uwezekano ni ule ule. Ukiwa na nne za roya ukisubiri ya tano, una nafasi moja katika 47, hata kama mashine hiyo imelipa roya dakika moja iliyopita, hata kama haijalipa tangu mwaka jana.

Hapo ndipo Mjomba anapokwama, na mimi namwelewa, kwa sababu nimekulia barazani. Babu yangu alicheza wahedi na sitini kila alasiri, kwa karata zilizolainika kwa jasho la vidole. Alizichanga mara mbili tu, kivivu. Karata zilizoliwa pamoja raundi iliyopita zilikuwa bado zimefuatana, zimenatana. Mwenye kumbukumbu alijua ree ya shupaza ikitoka, ya uru haiko mbali. Babu alikula watu kwa kumbukumbu hiyo, na hakuwa mwizi, alikuwa makini. Mjomba amejifunza karata kwa namna hiyo hiyo. Amekaa mbele ya kioo miaka yote hii akiikumbuka mashine isiyomkumbuka.

Nilipoanza kusoma habari hizi nilidhani nitagundua wizi. Umewahi kuwepo. Mwaka 1989, hapa hapa Las Vegas, wakaguzi waligundua kwamba mashine za kampuni moja, American Coin, zilikuwa na programu inayoikwepa roya inapokaribia kutoka. Kampuni ilipoteza leseni. Na mwaka 1995 Ronald Harris, mhandisi wa ile bodi ya serikali inayosimamia michezo ya kamari Nevada, alikamatwa baada ya kukokotoa namba zitakazotoka katika keno, mchezo wa kubahatisha namba, katika kasino moja ya Atlantic City. Aliweza kwa sababu namba za kompyuta zinatoka katika hesabu, na anayeijua hesabu na mahali ilipoanzia anaweza kuifuata. Mchezaji wa kituo cha mafuta hana njia ya kuijua.

Lakini kanuni za Nevada ni kali, na katika jambo hili naziheshimu. Mashine ikionyesha karata, kila karata lazima iwe na nafasi ile ile ambayo ingekuwa nayo katika karata za kweli. Namba zenyewe hupimwa kitakwimu kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95. Mashine za magurudumu ya matunda na kengele hazina sharti hilo la karata 52. Tangu uvumbuzi wa Inge Telnaes upewe hataza mwaka 1984, gurudumu unaloliona linaweza kuwa na vituo vingi zaidi ndani ya kompyuta kuliko vile vya machoni, na huwezi kujua ni vingapi. Kwenye poka, mtu mwenye penseli anaweza kupiga hesabu yote. Mikono ya karata tano iko 2,598,960, na roya ziko nne tu. Ukibadilisha karata kwa ustadi, roya inakuja kwa wastani wa mara moja katika mikono kama 40,000. Wastani huo nao ni mgumu: chukua watu mia moja, kila mmoja acheze mikono 40,000, na takriban 37 hawataiona hata moja.

Basi karata ni za haki. Kinachokula kimeandikwa juu ya kioo, kwa maandishi ya kusomeka, na hakuna anayekisoma. Ni jedwali la malipo. Mashine nzuri inalipa mara 9 ya dau kwa fulu hausi (karata tatu za namba sawa na mbili za namba nyingine) na mara 6 kwa flashi (zote tano za aina moja, kama kopa tupu), na kwa mchezaji asiyekosea inarudisha asilimia 99.54. Za dukani kwetu zinalipa 6 na 5. Hizo zinarudisha kama asilimia 95. Mikono 600 kwa saa, dola 1.25 kila mkono, ni dola 750 zinazopita kwenye vidole vya Mjomba. Kwenye mashine nzuri angepoteza kama dola tatu na nusu kwa saa. Kwenye yetu ni kama dola 37 na nusu, tena akicheza bila kosa, saa tisa za usiku, amechoka. Mimi silipwi hiyo kwa saa.

Jana usiku alikuja. Nikamwamkia, akaitikia, akaanza kwenda kwenye mashine yake. Nikamwita. Nilikuwa nimeandika namba hizi nyuma ya risiti: 9 na 6 upande mmoja, 6 na 5 upande mwingine, na dola chini yake. Aliishika mbali na macho, kisha karibu.

"Hii umeitoa wapi?"

"Pale juu ya kioo, Mjomba. Mstari wa fulu hausi na wa flashi."

"Miaka yote hiyo natazama chini tu, kwenye karata."

Akatoa miwani mfukoni, akaifuta kwa shati, akaenda kusimama mbele ya mashine ya pili kutoka mwisho. Hakukaa. Aliinua kichwa akaanza kusoma kutoka juu, midomo ikichezacheza. Mlango ukafunguka, wakaingia vijana watatu wakitaka mafuta na sigara. Nilipomaliza kuwahudumia, risiti yangu ilikuwa juu ya kiti chake, imekunjwa mara mbili, na teksi yake haikuwepo nje.