Gapi wangu walikuwa wanakufa kila wiki, kumbe ni sponji

Hii wiki ya sita sijatoa maiti kwenye tangi, kwa hiyo sasa naandika.

Ni tangi langu la kwanza la samaki, lita 60, liko sebuleni hapa Tabata. Niliweka gapi sita, wale samaki wadogo wa mapambo. Kila baada ya siku tatu nne mmoja anapanda juu, anahema mdomo ukigusa uso wa maji, asubuhi anaelea. Nikaongeza pampu ya hewa. Nikapunguza chakula. Nikabadilisha maji yote kwa mara moja, wakafa wawili kwa mpigo.

Nikanunua dawa ya kupimia amonia. Kichupa kilitakiwa kibaki njano, kikawa kijani kabisa. Amonia ni sumu kwa samaki, inatoka kwenye kinyesi chao na mabaki ya chakula, na bakteria wanaoimaliza huishi zaidi kwenye sponji ya chujio. Na mimi, kwa usafi wangu, kila Jumapili naifikicha bombani mpaka inang'aa! Maji yenye klorini yakawa yanawaua bakteria hao.

Nikaanza kubadilisha robo tu ya maji, lita 15, kila siku mpaka kipimo kikarudi njano. Maji mapya natia kwanza dawa ya kuondoa klorini. Sponji siipeleki tena bombani: naichovya kwenye ndoo ya maji niliyoyatoa tangini, naikamua mara mbili tatu, narudisha. Inabaki ya kahawia, ina utelezi kidogo. Iacheni hivyo hivyo.

Gapi wapya nimeongeza wawili tu, juzi.