Ndoo Chini ya Mgomba

Oktoba 1986, nikiwa na miaka 12, niliharibu kahawa ya bibi yangu.

Kihamba chetu, yaani shamba la ukoo, kiko Marangu, mteremkoni mwa Kilimanjaro, jirani na Kilema, walikopanda kahawa wamisionari wa Kikatoliki mwishoni mwa karne ya 19. Mibuni imekaa chini ya migomba, na migomba chini ya miti mirefu ya miringaringa, hata jua la saa sita hufika chini vipande vipande. Bibi alichuma nyekundu tu. Ukimletea kikapu chenye mbichi, unakimwaga chini na kuchambua upya, giza liingie lisiingie.

Alhamisi jioni tulimenya kwa mashine ya mkono, tukaivundika kwenye ndoo. Huku mlimani baridi huchelewesha mambo. Kahawa inaweza kulala siku mbili, hata tatu, mpaka ule utelezi uachie punje. Ijumaa Bibi akaitwa msibani Mwika. Aliniachia maneno machache: "Kesho asubuhi ingiza mkono. Ukisikia inalia kama kokoto, osha hapo hapo."

Jumamosi niliingiza mkono, na ililia. Niliisikia vizuri kabisa. Lakini wenzangu walikuwa njiani, kuna mpira shuleni, nikafunika ndoo kwa majani ya mgomba nikawafuata.

Niliporudi jua limezama. Harufu ya siki ilinipokea kabla sijafika kwenye ndoo, na chini ya siki kulikuwa na uvundo mwingine. Niliosha kwa maji ya mfereji mara tatu, mara nne. Haukutoka. Ndipo nikafanya lile linaloniuma mpaka leo: badala ya kuitenga, niliimwaga kwenye kichanja cha waya, juu ya kahawa nzuri iliyokwisha kuanikwa wiki nzima, nikachanganya kwa mikono miwili.

Wiki mbili baadaye tulipeleka gunia chama cha msingi cha ushirika. Karani alichota konzi, akabandua ganda kwa ukucha, akanusa, akamwita mwenzake naye anuse. Gunia zima likashushwa kutoka daraja la kwanza hadi la tatu. Kahawa ya Bibi haikuwahi kushushwa. Ile ilikuwa ada ya kaka yangu.

Njia nzima Bibi hakusema neno. Tulipofika uani ndipo akauliza, "Jumamosi ile ulikuwa wapi?" Nikamwambia yote.

Ukubwani nimeelewa kilichotokea ndani ya ndoo. Vijidudu visivyoonekana ndivyo vinavyokula ule utelezi, na kahawa isipooshwa kwa wakati, kazi yao huendelea mpaka punje yenyewe inachacha. Punje moja iliyooza yatosha kuharibu kikombe. Siku hizi kahawa inayopewa alama 80 kwenda juu kati ya 100 na waonjaji ndiyo inayotafutwa kwa bei nzuri. Bibi hakuwahi kusikia habari za alama. Alikuwa na sikio lake na vidole vyake, nami naamini hakuna mwonjaji angemfundisha jambo kuhusu ndoo ile.

Jioni ya siku ile niliyomwambia Bibi yote, Babu alinishika mkono mpaka mpakani mwa kihamba, akavunja jani la isale, mmea unaopandwa mipakani, akanipa. Kwetu anayeletewa isale hakatai kusamehe. Nilimkuta Bibi jikoni akipuliza moto. Alilitazama jani, kisha akanitazama mimi, akalipokea kwa mikono miwili na kulichomeka juu ya mlango.

Tulipovundika tena, aliniamsha saa kumi alfajiri. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Alifunua ndoo, akaushika mkono wangu na kuuzamisha mpaka kwenye kiwiko.

"Inasemaje?"

Nilizungusha vidole taratibu. Punje ziliteleza baina yake kimya kimya.

"Bado, Bibi."

Akafunika ndoo, tukarudi kulala.