Jukwaa Letu ni Mkunguni

Sisi wa Lamu hatukujengewa ukumbi wa maonyesho wenye pazia na viti vya kupangwa. Jukwaa letu ni uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome, na historia yake naiona kuwa ni historia ya mji wenyewe. Ngome hiyo ilianza kujengwa baada ya vita vya Shela, ikakamilika mnamo mwaka 1821, na kwa miaka mingi, hadi 1984, ilikuwa gereza, kwa hivyo wazee wetu walicheza ngoma zao chini ya kuta ambazo nyuma yake kulikuwa na wafungwa.

Wakati wa Maulidi, yanayofungamana na jina la Habib Swaleh, mwasisi wa Msikiti wa Riyadha, wanaume hujipanga safu kucheza goma, wamevaa kanzu, bakora mkononi, wakiyumba polepole kwa pamoja.

Lakini kinachonishika moyo zaidi ni kirumbizi. Zumari hulia, watu hufanya duara, kisha wawili huingia na fimbo zao, wakazungukana taratibu kama wanaopimana, hadi fimbo zigongane kwa mlio mkavu na umati upige kelele. Nilipokuwa mdogo, marehemu babu yangu alinishika bega uwanjani hapo akaniambia, "Mjukuu wangu, usitazame fimbo, tazama miguu." Sasa mwanangu ana miaka minane, na kila jioni hushika ufito uani akajaribu peke yake, nami hukaa barazani nikimtazama miguu.